Bibi Ndovu wa Kitum na Figa Moja

Sogeeni, wapwa zangu. Wewe wa Kitale, kaa huku. Wewe wa Bungoma, kaa kule. Leo tutauzungumzia Mlima Elgon, na mlima huo unawatazama nyote wawili.

Nimeletewa swali. Swali lenyewe ni zito, na aliyeliuliza bado anang'oa meno ya utoto. Ameuliza hivi: "Mjomba, jeshi likiingia mahali kwa nguvu, halafu watu wakaingia msituni na kupigana, inawezekana kujenga nchi hapo? Shule, barabara, mahakama, serikali? Inawezekana huku risasi zinalia?"

Hongera sana, mwanangu. Swali hilo limewanyima usingizi marais na majenerali. Wewe umeliuliza ukiwa umekaa kwenye kigoda, miguu haijafika chini. Endelea kuuliza hivyo hivyo.

Kwanza tuelewane. Kujenga taifa si kujenga nyumba za ofisi. Ni kufika mahali ambapo watu wasiojuana wanakubali kutii sheria moja, na wanakubali kwa hiari, kwa sababu wanaiona sheria hiyo kuwa ni yao. Hapo ndipo askari anaweza kulala usiku na watu wasiibiane. Hapo ndipo mtu anaweza kushindwa kesi akarudi nyumbani bila kutafuta bunduki.

Sasa, jibu la swali lako analijua vizuri mzee mmoja kuliko mimi. Tumfuate.

Ukitoka Kitale, ukapita Endebess, utafika kwenye mbuga ya Mlima Elgon. Ndani ya mbuga kuna pango kubwa liitwalo Kitum. Usiku ndovu huingia pangoni humo. Ndani ni giza totoro. Hupapasa njia kwa mkonga, hatua kwa hatua, watoto wakiwa katikati ya wakubwa. Wakifika ndani hukwangua ukuta kwa pembe, mawe yakaanguka, wakayasaga kwa magego. Wanatafuta nini? Wanatafuta chumvi, maana mawe yale yana chumvi. Wamefanya hivyo miaka na miaka, hata kuta za pango zimejaa alama za pembe zao. Hayo ni ya kweli kabisa, si hadithi.

Hadithi inaanza hapa. Mmoja wa ndovu hao ni bibi mzee, na leo amekubali kuzungumza nasi.

"Shikamoo, Bibi Ndovu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni mbali kidogo na mguu wangu huu, hauoni vizuri."

"Bibi, tunataka kujua: jeshi likiingia kwa nguvu na watu wakapigana, nchi inajengeka?"

Bibi Ndovu alipepea masikio. Akakaa kimya. Kisha akasema:

"Nyinyi wanadamu mna methali yenu. Mnasema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Sawa. Lakini mimi nimewaona nyinyi mkipigana. Nyasi ziliumia. Na mahindi yaliumia. Na mbuzi, na watoto, na akina mama. Mkinisikiliza, nitawaeleza majeshi mawili yaliyokuja hapa. La kwanza alinieleza mama, naye alielezwa na mama yake. La pili nimelisikia kwa masikio haya."

Masikio yale ni makubwa, watoto. Tumwamini.

"Jeshi la kwanza lilikuja upande wako, wewe wa Bungoma. Mwaka ulikuwa 1895. Wabukusu na Watachoni siku zile walikaa ndani ya ngome. Walijenga ukuta mnene wa udongo, wakachimba handaki kubwa kuuzunguka, wakaacha lango dogo. Ngome moja ilikuwa Lumboka. Nyingine ilikuwa Chetambe, juu ya kilima kilicho karibu na Webuye. Ukuta ule ulizuia mikuki. Ulizuia mishale. Walioujenga walijua kazi yao."

"Waingereza je, Bibi?"

"Waingereza walikuwa Mumias, na mkuu wao aliitwa Hobley. Askari wao waliokuja kudai bunduki kwa Wabukusu walikuwa wameuawa. Basi wakakusanya jeshi. Askari wa Kisudani walikuwamo, na wapiganaji wengi wa Kiganda na wa makabila ya jirani. Na walikuja na bombomu. Ukuta wa udongo haukujengwa kwa ajili ya bombomu. Lumboka ikaanguka. Watu wakakimbilia Chetambe. Chetambe nayo ikaanguka. Waliokufa walikuwa wengi, na ng'ombe wakachukuliwa."

Mtoto wa Bungoma akauliza kwa sauti ndogo: "Baada ya hapo wakajenga?"

"Walijenga, mwanangu. Walijenga barabara na maboma. Walileta kodi ya kibanda. Walileta machifu. Na huko Kimilili walimweka Murunga kuwa chifu. Murunga alikuwa ndugu yake Mumia, mfalme wa Wawanga. Sasa nikuulize mimi. Wenyeji waliulizwa?"

"Sijui, Bibi."

"Hawakuulizwa."

Lishikeni swali hilo, wapwa zangu. Wenyeji waliulizwa? Tutalirudia mara nyingi leo.

"Wenyeji hawakuulizwa," Bibi Ndovu akaendelea, "na chifu akawa ni mtu wa kutoza kodi na kupeleka vijana kwenye kazi za lazima. Watu walitii. Lakini kutii kwa hofu kuna siku zake. Pale Maeni, karibu na Kimilili, alizaliwa Elijah Masinde. Kijana huyo alicheza mpira vizuri hata akaichezea Kenya. Baadaye akaanzisha Dini ya Msambwa, akawaambia watu warudi kwenye mila zao na wazungu warudi kwao. Wakamfunga. Tarehe 10 Februari 1948, pale Malakisi, polisi waliwapiga risasi wafuasi wake. Watu 11 wakafa. Kutoka Chetambe hadi Malakisi ni miaka 53. Miaka 53 ya barabara, kodi na machifu, na bado serikali ilihitaji bunduki ili itiiwe."

Mtoto wa Kitale akainua mkono. "Na sisi Kitale, jeshi lilikuja?"

Swali zuri hilo. Kitale jeshi lilikuja kwa namna nyingine.

"Kitale," akasema Bibi Ndovu, "walikuja askari waliomaliza vita vyao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, serikali ya Uingereza iliwapa wanajeshi wake mashamba Kenya. Mpango huo ulianza 1919. Uwanda wa Trans Nzoia ukagawanywa vipande vipande. Mwaka 1926 garimoshi likafika Kitale kubeba mahindi yao. Lakini uwanda ule ulikuwa na watu. Wasabaot walilisha ng'ombe wao humo. Wakasukumwa. Wakapanda huku mlimani, karibu na sisi ndovu. Wenyeji waliulizwa?"

"Hawakuulizwa!" watoto wakajibu pamoja.

"Mwaka 1932 tume ya ardhi ilikuja kuwasikiliza watu waliopoteza mashamba. Wasabaot wakaeleza yao. Mashamba hayakurudi. Uhuru ukaja, mashamba ya wazungu yakauzwa, mwenye pesa akanunua. Wasabaot wengi hawakuwa na pesa. Mashamba hayakurudi."

Wapwa zangu, nataka mtulie hapa kidogo. Watu wakisimulia vita vya mlimani, huanza na mwaka 2006. Huanza na bunduki. Mimi nawaambia muanze na shamba. Ukianza na bunduki utamwona kijana mbaya peke yake. Ukianza na shamba utaona jinsi kijana yule alivyopatikana, na bado utasema aliyoyafanya ni mabaya. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Bibi Ndovu alikohoa vumbi la chumvi, akaendelea.

"Juu kabisa, Chepkitale, waliishi Waogiek, watu wa asali na ng'ombe. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwahamisha watu kutoka juu kuja chini, mahali paitwapo Chepyuk. Ikawapa ardhi iliyokatwa msituni. Walioshuka kutoka juu wakaitwa Mosop. Wa chini wakaitwa Soy. Ardhi ikagawanywa awamu ya kwanza, kukawa na waliokosa. Ikagawanywa awamu ya pili, kukawa na waliokosa. Awamu ya tatu ikaanza, ikafutwa, ikaanza upya. Waombaji walikuwa maelfu. Viwanja vilikuwa 1,732. Mtu aliyelima pale miaka kumi na zaidi, aliyezika baba yake pale, aliambiwa jina lake halimo kwenye orodha."

"Akafanyaje, Bibi?"

"Wengi walilia tu. Wachache walichukua bunduki."

Hao wachache walijiita Jeshi la Kutetea Ardhi ya Wasabaot, na wengi mnalijua kwa herufi zake nne: SLDF. Kiongozi wao alikuwa Wycliffe Matakwei. Watu wa mlimani waliwaita Janjaweed, jina walilolisikia redioni likitoka Darfur, nchini Sudan. Walisema wanatetea ardhi. Lakini waliwatoza wakulima kodi yao wenyewe. Waliwachukua vijana kwa lazima. Waliwakata watu masikio. Kati ya 2006 na 2008 waliwaua watu zaidi ya 600, na wengi kati ya hao walikuwa Wasabaot wenzao. Makumi ya maelfu walikimbia. Wengine walikuja kwenu Kitale. Wengine walikuja kwenu Bungoma. Wengine walivuka kuingia Uganda.

"Wanasema wanatetea ardhi," akasema Bibi Ndovu. "Mwenye shamba amekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Ardhi hiyo inatetewa kwa ajili ya nani?"

Hakuna aliyemjibu.

"Basi jeshi la pili likaja. Ilikuwa Machi 2008. Kenya nzima ilikuwa imetoka kwenye machafuko ya uchaguzi, na wakubwa walikuwa wametia saini makubaliano Nairobi tarehe 28 Februari. Huku kwetu likaja jeshi la Kenya na helikopta. Kazi yao ikaitwa Okoa Maisha."

"Lakini Bibi, jeshi la Kenya likiwa Kenya si uvamizi."

Mnamsikia mtoto huyu? Amenifurahisha. Anapima maneno kabla ya kuyameza.

"Kwa sheria si uvamizi," Bibi Ndovu akasema. "Ni nchi yao. Na watu wengi waliwangoja kwa hamu, maana walikuwa wamechoka kuzika. Lakini nikueleze asubuhi moja. Ni alfajiri, ukungu bado umelala. Askari wanapita nyumba kwa nyumba. Wanaume wote nje. Vijana wote nje. Baba, kaka, mjomba, mwalimu, mwizi, asiye na kosa, wote wanapakiwa kwenye lori. Lori linakwenda Kapkota, kwenye kambi. Huko wanapitishwa mmoja mmoja mbele ya watoa habari waliojificha. Mtoa habari akikataa kwa kichwa, unapita. Akikubali, umekwisha. Wengi walipigwa. Wengine walirudi nyumbani wakichechemea. Wengine hawakurudi."

Jeshi lilikanusha kwamba liliwatesa watu. Watetezi wa haki za binadamu na madaktari waliowaona majeruhi walisema mateso yalikuwepo, tena kwa wengi. Watu zaidi ya 300 walipotea mikononi mwa pande zote mbili, waasi na serikali, na hawakuonekana tena. Mimi nimewasoma wote, na namwamini mama wa Kopsiro, huku mlimani, aliyeniambia mwanawe alitoka nyumbani na sweta la shule.

Mei 2008 Matakwei akauawa. Bunduki zikanyamaza. Watu wakaanza kurudi. Viazi vikapandwa. Vitunguu vikapandwa. Soko la Cheptais likajaa tena.

"Basi ilifaulu!" akasema mtoto wa Bungoma.

Bibi Ndovu alimtazama kwa upole. "Mama yako anapika wapi?"

"Jikoni. Kwa kuni."

"Chungu anakiweka juu ya nini?"

"Juu ya mafiga."

"Mafiga mangapi?"

"Matatu."

"Akiweka moja?"

Mtoto akacheka. "Chungu kitaanguka, Bibi! Figa moja haliinjiki chungu."

"Sawasawa. Askari ni figa moja. Ni figa la kweli, usilidharau. Bila hilo soko la Cheptais lisingefunguka. Lakini bado kuna figa la haki, kwamba aliyekosa ajibu, awe muasi au awe mwenye sare. Na bado kuna figa la ardhi, lile lililoanza yote. Mnamsifu askari kwa kuweka figa moja, kisha mnashangaa mbona uji umemwagika."

Haya, tuyatazame hayo mafiga mawili, wapwa zangu. Tuanze na haki.

Watetezi wa haki, wanaojulikana kama IMLU, walipeleka kesi ya mateso ya mlimani Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2011 majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza. Mwaka 2012 majaji wa rufaa walisema imechelewa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mtu miezi miwili tu ya kuleta malalamiko. Kesi ikaishia hapo. Mimi sheria naiheshimu, lakini miezi miwili! Mtu aliyevunjwa mguu kambini, anayeishi mlimani, asiye na nauli ya kufika hata Kapsokwony, hapa hapa mlimani, atapataje kufika Arusha kwa miezi miwili?

Na mama ambaye mumewe alipotea, je? Hana kaburi. Hana cheti cha kifo. Bila cheti hawezi kuandikishwa shamba la mumewe. Sheria inamtaka angoje miaka saba ndipo mtu ahesabiwe amekufa. Miaka saba shemeji anamwangalia, shamba analiangalia. Mnaona jinsi haki na ardhi zilivyoshikana? Ukikosa moja umekosa ya pili.

Na ardhi yenyewe ya Chepyuk iliendelea kuleta ugomvi. Mwanzoni mwa 2018, miaka kumi baada ya Okoa Maisha, mauaji yalizuka tena mlimani. Watu wakakimbia tena.

"Mjomba," mtoto wa Kitale akaniuliza mimi sasa, "ni kwetu tu, au ni dunia nzima?"

Nitakupeleka haraka haraka. Mlima huu ukiuzunguka upande wa pili uko Uganda. Mwaka 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, Tanzania. Jeshi la Tanzania likamfukuza, likaendelea mpaka Kampala, likaingia tarehe 11 Aprili 1979. Watu walicheza barabarani. Jeshi lile lilipigana vizuri na watu walilishukuru. Lakini rais mpya, Lule, alikaa siku 68 tu akaondolewa. Binaisa akafuata, naye akaondolewa. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukagombaniwa, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Eneo la Luweero likageuka makaburi. Vita hivyo vilikwisha Januari 1986. Jirani mwema alimtoa dhalimu, lakini kuwapatanisha Waganda na Waganda wenzao hakuweza. Hakuna mgeni anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya mwenyeji.

Somalia je? Baadhi yenu baba zenu wamevaa sare na wameenda huko. Nawapa pole na nawaheshimu. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka 2012 ikaingia Kismayo pamoja na wapiganaji wa Kisomali. Mji ukawa na utawala. Bandari ikafanya kazi. Lakini waasi wa Al-Shabaab bado wako vijijini, bado wanatoza kodi, bado wanaua. Sababu mojawapo wataalamu wanaisema tena na tena: mtu mwenye kesi ya shamba akienda mahakama ya serikali anaombwa hongo, na kesi haiishi. Al-Shabaab wanaikata kwa siku chache. Wanaikata kwa kutisha, lakini wanaikata. Figa la haki limeachwa, adui akaliokota.

Kuna mahali pengine, karibu na hapo hapo, ambapo mambo yalikwenda tofauti. Panaitwa Borama, kaskazini. Mwaka 1993, wakati Mogadishu imejaa majeshi ya kigeni yenye ndege na vifaru, wazee wa koo za kaskazini walikutana Borama bila jeshi la mtu. Walikaa karibu miezi minne. Fikirini, miezi minne ya kuzungumza! Walilishwa na wenyeji, watu wa huko huko. Walibishana damu ya nani ilipwe na nani, malisho ni ya nani, bunduki ziwekwe wapi. Mwishowe wakamchagua Mohamed Ibrahim Egal kuwa rais wa Somaliland, nchi yao ya kaskazini. Nchi nyingi za dunia hazijaitambua Somaliland mpaka leo. Na haikuwa pepo: mwaka 2023 vita vililipuka Laascaanood, ambako watu wengi walisema wao hawakutaka kuwa sehemu yake. Hata hivyo wamepiga kura mara nyingi, na marais wameshindwa kura wakaenda nyumbani.

"Wenyeji waliulizwa," akanong'ona mtoto wa Bungoma.

Waliulizwa, mwanangu. Na Laascaanood hawakuulizwa vya kutosha. Umenitangulia kuliona.

Mkubwa wenu mmoja hapo nyuma anataka kujua mbona Japani na Ujerumani zilijengeka baada ya kuvamiwa. Nafurahi umelileta. Mwaka 1945 vita vilikwisha kabisa kule. Waliobaki msituni wakipigana walikuwa wachache mno. Walimu walikuwepo, makarani walikuwepo, daftari za mashamba zilikuwepo. Mvamizi hakuanza na uwanja mtupu. Lakini kule Afghanistan, Marekani ilianza vita Oktoba 2001, ikamwaga pesa nyingi na damu nyingi, na tarehe 15 Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul wakitembea. Karibu miaka 20.

Sasa nikujibu, wewe uliyeuliza. Inawezekana nchi kujengwa huku risasi zinalia? Jibu langu ni hili. Jeshi linaweza kuizima risasi kwa muda. Muda huo ni mali. Wenyeji wakipewa muda huo wakae wamalize ugomvi ulioanzisha vita, na mwenye sare akajibu makosa yake sawa na muasi, nchi itajengeka. Muda huo ukipotezwa kwa kuhesabu maadui waliouawa, vita vitarudi. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Bibi Ndovu ameona vita vikirudi kwenye mlima huu.

"Na mazuri hukuyaona, Bibi?" mtoto wa Kitale akauliza.

Bibi Ndovu akainua mkonga. "Niliyaona. Mwaka 2011, kule Mabanga, Bungoma, kwenye chuo cha mafunzo ya wakulima, wazee wa Wasabaot, Wabukusu, Wateso na wengine walitia saini mkataba wa amani. Walikuwa wamezungumza kwa miezi mingi kabla ya saini. Mwaka huo huo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipanda mlimani, watu wakasimama wakasema yaliyowapata, kwa sauti, mbele ya majirani. Na pale Bungoma kuna watu wa Mwatikho, wanaowahudumia walioteswa. Hawana bunduki hata moja."

Ripoti ya tume hiyo ilikabidhiwa kwa rais Mei 2013. Humo yamo ya Mlima Elgon. Mengi yaliyopendekezwa humo bado hayajatekelezwa, na hilo linaniuma, kwa kuwa walioyasema wanazeeka.

Lakini iko habari moja nimewawekea ya mwisho, kwa sababu inawahusu nyote wawili. Mnawakumbuka Waogiek wa Chepkitale, watu wa asali? Mwaka 2000 serikali iliitangaza ardhi yao kuwa hifadhi ya wanyama. Wakafukuzwa, nyumba zao zikachomwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Wengine katika hali hiyo wangetafuta bunduki. Wao walitafuta wakili. Walikwenda mahakamani, wakangoja, wakaahirishiwa, wakangoja tena. Wazee wengine walikufa kesi haijaisha. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilitoa hukumu: kutangazwa kule kulikuwa kinyume cha sheria, na Chepkitale ni ardhi ya jamii ya Waogiek.

Wewe wa Bungoma, mahakama hiyo iko mjini kwenu. Milango yake iko wazi, na kesi za ardhi husikilizwa mbele ya watu. Mwombe mwalimu akupeleke siku moja, ukae kimya nyuma, usikilize. Wewe wa Kitale, nenda kwenye makumbusho ya mji wenu, ukamwulize mtu wa pale uwanda huu ulikuwa wa nani kabla ya 1919. Andikeni mtakayoambiwa kwenye daftari. Kisha mniletee, tuyasome pamoja.